Shaame Makungu, Aliyetafutiwa Wakili Akapewa Mshenga

Asalamu alaykum nyote, mliomo ukumbini na mlioko barazani. Mimi ni Tabia binti Shaali, shangazi wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuyasoma maisha yake kwa sababu, walivyosema wao, mie sina haya ya kusema, na wamesema kweli. Nasoma nikiwa nyuma ya mlango huu ulioachwa wazi, ili wanaume wa barazani wanisikie, na mmoja wao nataka anisikie zaidi.

Marehemu Shaame Makungu Shaali alizaliwa Mangapwani tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa pekee wa kaka yangu Makungu na mkewe Duni, ambao wote wawili walitangulia mbele ya haki kabla hajaota ndevu, nikamlea mie. Alisoma chuoni akahitimu Msahafu mwaka 1951, akasoma skuli ya hapo kijijini, akatoka darasa la sita Disemba 1955, si kwa ujinga, ila shamba lilikuwa halina mwanamume wa kulilima.

Alianza uhamali bandarini mwaka 1959, na Aprili 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, akaajiriwa utingo katika gari la shamba la Bwana Mkadam, lililokuwa likileta watu na mizigo mjini kutoka Mangapwani. Niwaeleze utingo wa gari lile alikuwa na kazi gani, maana breki zake zilikuwa breki za jina tu, kwa hiyo Shaame alisimama nyuma na kabari ya mti mkononi, na gari likikataa kusimama yeye ndiye aliyeruka chini akaitia kwenye gurudumu. Mwenye gari alilijua hilo, dereva alilijua, na abiria walilijua, wakipanda huku wanasoma dua.

Tarehe 3 Disemba 1968, katikati ya mwezi wa Ramadhani, gari likiteremka karibu na Bububu lilikataa kusimama, Shaame akaruka, akatia kabari, gari likasimama, abiria wakashuka wazima na vikapu vyao, ila gurudumu lilikuwa limeshampanda mguu wa kulia. Alikuwa amefunga. Bwana Mkadam, ili asije akaulizwa habari ya breki, akawaambia askari kwamba utingo wake alikunywa tembo, akapepesuka, akaanguka mwenyewe. Tembo la mnazi, mchana wa Ramadhani! Karibu miaka mitano sasa, na kila neno hilo likinijia nahisi kutema.

Wakati huo marehemu alikuwa ameshamposa Mwanakheir binti Machano, tangu Julai ya mwaka ule ule, na Mzee Machano, mtu wa msikitini, akaleta ujumbe kwamba binti yake haolewi na mlevi, tumthibitishie kwanza. Shaame akanambia pale pale kitandani hospitali, "Shangazi, mguu ushakwenda, nitafutie wakili aniokolee jina."

Basi tukamtafuta wakili. Januari 1969 nilizunguka Mji Mkongwe wote, wakili wa kwanza mlango wake una kufuli, wa pili yuko Dar es Salaam na hana nia ya kurudi, wa tatu tukamkuta, lakini ofisi yake iko ghorofa ya tatu, na ngazi zake nyembamba kama za mnara, mahamali wawili wakampandisha Shaame juu ya kiti, mguu wake ukigonga kila kona. Huko juu tukamkuta bwana yule anafunga vitabu vyake ndani ya makasha, akatutazama kwa huruma, akasema, "Bibi, mngekuja mwaka jana." Mwaka jana mguu ulikuwa mzima, mwanaharamu wee! Tukamshusha Shaame vile vile tulivyompandisha.

Ukoo ukakaa kikao, ikaulizwa, nani tunayemjua anayeweza kusema mbele za watu? Wote wakamtaja Bwana Muhiddin, mshenga wetu, kwani ndiye aliyekwenda kumposa Mwanakheir na kazi aliifanya vizuri. Tukamwendea kama waendavyo watu kuposa, wazee wawili mbele, sinia la halua nyuma, naye akavaa koti, akala, akasema, "Niachieni mie, wakili ni maneno, na maneno ninayo."

Kazi ya mshenga mnaijua, nyumba hii ivute, nyumba ile ilegeze, mpaka wakutane kati. Basi Bwana Muhiddin hakwenda kumuuliza hata abiria mmoja aliona nini, alikwenda nyumbani kwa Bwana Mkadam kunywa chai, na Ijumaa ya tarehe 21 Februari 1969, watu wanatoka kusali, akasimama mlangoni mwa msikiti, akatangaza kwa furaha kwamba pande zote zimepatana, Bwana Mkadam amekubali gari lake ni bovu kidogo, na kijana wetu amekubali alionja kidogo. Kidogo! Kama anayepunguziwa mahari! Shaame alikuwa pale, juu ya magongo yake, akamwambia, "Muhiddin, umeniozesha kwa Mkadam." Jioni ile Mzee Machano akarudisha posa, na mtaani akaanza kuitwa Shaame Tembo.

Mie sikulala nikalia, nilipanda gari hadi Mangapwani, nikapita nyumba kwa nyumba, nikampata Bi Mashavu muuza mayai, aliyekuwemo safarini siku ile, akanambia, "Miye nlipakata tenga langu la mayai, nikamwona kijana anaruka na kabari yake, na hata yai moja halikuvunjika, mlevi gani huyo? Mbona mmechelewa kuniuliza?"

Mwaka 1970 mahakama za wananchi zikaanza kazi, na humo mawakili hawakuruhusiwa tena kusimama, kila mtu ajisemee. Agosti mwaka huo marehemu akamshitaki Bwana Mkadam, akasimama kwa gongo lake, alipoulizwa nani anamsemea akajibu, "Wazee, waliojua wameondoka, na aliyebaki alinisemea vya kutosha." Akaeleza mwenyewe, Bi Mashavu akaeleza mayai yake, na ikaonekana kosa la breki ni la Bwana Mkadam, lakini neno la ulevi halikuguswa, ikasemwa hilo pande mbili zilishapatana.

Mzee Machano alikuwamo akisikiliza, na yale mayai yakamtosha kuwa ushahidi, tukatoka naye, akanambia njiani, "Bi Tabia, leta mshenga." Nikamwambia, "Mshenga ndiye mie, na sinywi chai ya mtu." Ndoa ilifungwa tarehe 2 Oktoba 1970, na Mwenyezi Mungu akawajaalia mtoto mmoja, Biasha, aliyezaliwa hapa Mpendae tarehe 9 Agosti 1971, ambaye hajajua bado kulitamka jina lake, na watoto wa mtaa washamwita Binti Tembo.

Marehemu aliishi kwa kushona makubadhi, kazi ya kukaa, mpaka mfupa wa mguu ule ukaoza, akalazwa tarehe 20 Aprili 1973, na tarehe 11 Mei 1973 akafariki dunia, akazikwa Mangapwani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha kidonda bila kuziba pua, majirani wa Mpendae waliochota maji, mautingo wa magari ya shamba waliolibeba jeneza, na Bi Mashavu, aliyekuja leo na tenga lake.

Limebaki la radhi. Aliyekosewa na marehemu namwomba amsamehe. Kwa upande wake, alinambia siku chache kabla hajakata roho, "Mkadam nshamsamehe mguu. Muhiddin radhi yake imo mdomoni mwake." Bwana Muhiddin, najua uko barazani, nimeyaona makubadhi yako hapo mlangoni, na aliyeyashona ni yeye. Hutakiwi kutoa chochote, maneno ulisema unayo. Simama, useme mbele ya watu wale wale kwamba Shaame alikuwa amefunga, ili mtoto huyu aitwe jina lake. Kahawa iko tayari, na birika halitoki jikoni mpaka usimame.

Pumzika kwa amani, Shaame, huko uliko hakuna ngazi za kupandishwa, wala mshenga, kila mtu anajisemea mwenyewe, na wewe ulishajua kusema.