Bingwa wa Mkono Juu

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu, na ukitaka kulikalia huombi ruhusa, unasogea tu mpaka wenzako wasogee. Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, hukaa hapo mpaka mteja amfuate na nywele zake. Katiba, karani mstaafu wa mahakama, ana ncha ya kushoto na hutoa hukumu bila kusikiliza kesi. Mama Birika anauza kahawa na hamwogopi mtu. Jumamosi ile alasiri akaja Lenzi, mpiga picha wa gazeti, miaka kumi na moja anapiga picha za mpira wa miguu, kachafuka matope mpaka nyusi. Akakaa katikati, nasi wote tukasogea haraka.

Wembe: Mechi ilichezwa bwawani?

Lenzi: Mpira kapewa mpwa wake mhariri. Mimi nimetupwa motokrosi, zile mbio za pikipiki za kuruka vilima. Kabla ya saa kumi anataka picha ya bingwa. Nikiikosa, Jumatatu narudi studio kupiga paspoti.

Mama Birika: Paspoti nayo si kazi? Watu wanakaa kimya, hawakurushii matope.

Lenzi: Mama, nilitoka kule nikaapa sirudi. Usinitanie leo. Naogopa, kweli naogopa.

Alipokiri hivyo tungemhurumia, lakini kamera ilishafika mkononi mwa Wembe.

Wembe: Hiki ni kilima. Hiki kilima na moshi. Hiki je?

Lenzi: Pikipiki namba saba.

Wembe: Iko wapi?

Lenzi: Ilikuwepo.

Mama Birika: Kwani ulikaa wapi wewe?

Lenzi: Nyuma ya goli.

Mama Birika: Goli!

Lenzi: Yaani pale wanaporuka na kutua. Nilipiga goti kama ninavyopiga siku zote, nikasubiri waje.

Mama Birika: Wakaja?

Lenzi: Walikuja, Mama. Walikuja wote.

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Picha mia tisa, na katika mia tisa hizo nusu ni matope yakiwa njiani kumfuata Lenzi.

Wembe: Mimi nalijua tatizo. Zile pikipiki zinakimbia kuliko mwanga. Mwanga ukifika kwenye kamera, mwenyewe keshafika kwao anaoga.

Katiba: Napinga. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Baraka ikikosekana, picha haitoki. Ushahidi huo hapo.

Mama Birika: Nyie hamjui wanaume. Wale wamewaaga wake zao kwamba wanakwenda msibani. Unadhani lile kofia gumu la kufunika uso ni la ajali? Ni la mke! Hapo mpiga picha atapata nini?

Katiba: Naongeza. Nani alithibitisha kuwa wako wengi? Nyuso hazionekani, namba zimejaa matope. Inawezekana ni mtu mmoja anazunguka.

Lenzi: Mzee Katiba, kama angekuwa mmoja mbona nimegongwa na tope la watu ishirini?

Nikamwuliza swali la kifundi: si ulimwona aliyemaliza wa kwanza?

Lenzi: Kaka, wanazunguka! Aliye mbele anamfuata aliye nyuma. Halafu watu walipopiga kelele mwishoni, mimi niliwageukia mashabiki kupiga picha za shangwe. Mazoea.

Mimi: Na hukuuliza nani kashinda?

Lenzi: Miaka kumi na moja sijauliza nani kafunga. Aliyefunga anakimbia na mikono juu. Waandaaji nawapigia tangu saa nane, hawapokei.

Wembe alikuwa bado anabonyeza. Ghafla akaacha kubonyeza. Akatuonyesha. Pikipiki imetulia kwenye picha kama imechorwa, kila tone la tope linahesabika, na aliyeipanda kainua mkono mmoja juu kabisa.

Wembe: Lenzi wewe! Hii si ndiyo?

Lenzi: Hiyo ndiyo pekee iliyokubali. Sijui kwa nini.

Mama Birika: Mkono juu! Unataka akuandikie barua?

Lenzi: Nina wasiwasi nayo.

Katiba: Mkono mtupu haulambwi. Huyu kauinua, basi hauko mtupu. Una ushindi. Kesi imefungwa.

Wembe: Tena akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nimezikata nyingi, nakwambia tuma.

Saa tisa na dakika hamsini. Lenzi aliihamishia picha kwenye simu, akabaki anaitazama. Nikamnyang'anya. Nikaandika mwenyewe: "Bingwa wa motokrosi akishangilia ushindi wake." Nikabonyeza. Ikaenda. Mama Birika akamimina duru ya mwisho, birika likakoroma, tukampongeza Lenzi kwa kumpiga mgongoni, tukachafuka mikono.

Hapo akafika dada mmoja, fundi pikipiki wa ile gereji ya kona, kavaa ovaroli, kafuata buti zake nilizokuwa nashona soli.

Fundi: Picha safi hiyo. Nani?

Wembe: Bingwa!

Katiba: Bingwa.

Mama Birika: Wa leo leo.

Akaikuza kwa kidole chenye grisi. Akainamisha kichwa.

Fundi: Mnyororo wake uko wapi?

Wembe: Mnyororo gani?

Fundi: Wa pikipiki. Si unaona, umekatika. Hapa anaserereka tu na mteremko, ndiyo maana katulia hivi. Kainua mkono ili wenzake wasimgonge. Sasa pikipiki bila mnyororo, alishindaje?

Wembe aligeukia kwenye mlango wake ambako hakukuwa na mtu, akasema mteja anamwita. Katiba akakumbuka dawa zake. Mama Birika akatikisa birika tupu, akaenda kulisuuza kwenye bomba la mbali, wakati la karibu lipo. Ningeondoka na mimi, ila kibanda ni changu na dada wa watu anasubiri buti.

Simu ikaita. Mhariri. Lenzi akaiangalia, akaniangalia.

Lenzi: Kaka, wewe ndiye uliyeandika. Nimwambie nini?

Nikaweka uzi mdomoni, nikaanza kuulowesha polepole, maana mtu mwenye uzi mdomoni hawezi kujibu.