Marehemu Methusela Semkiwa na Vifaranga vya Samaki

Marehemu Methusela Semkiwa alizaliwa Maramba tarehe 3 Machi 1934. Wazazi wake walipata watoto wawili tu. Wa pili ni baba mdogo Tadeo, aliyekaa pale mbele.

Alisoma hapa Maramba, akaishia darasa la nne mwaka 1947.

Mwaka 1958 aliajiriwa na watafiti wa samaki, akahamia pwani ya Pangani. Alikuwa akivua vifaranga vya samaki horini, pale mkono wa bahari unapoingia nchi kavu, kwenye maji ya magotini, akiwapasua na kuandika walichokula. Walikula uduvi, na vidudu vya maji vidogo kuliko chembe ya chumvi. Mwaka 1983, siku za dhiki, ofisi ilikosa dawa ya kuhifadhia, akayatia matumbo ya samaki kwenye chupa ya siki ya Mama. Mama akaimimina kwenye kachumbari, nasi tukala.

Alifunga ndoa na Mama, Perpetua Mhina, tarehe 16 Julai 1960.

Maduka yalipojaa tena vitambaa, baba mdogo Tadeo, aliyekuwa amemfuata Pangani, alishona juya la chandarua, wavu wa kukokota wenye matundu madogo mno, akakokota uduvi horini kwa magunia, wauzwe Tanga kuwa chakula cha kuku. Vifaranga vya samaki wakazolewa humo humo. Marehemu alichota maji ya hori kwenye glasi, akaiinua juani.

“Tazama, Tadeo. Hiki ndicho chakula chao.”

“Kaka, wewe wapimie samaki posho. Wanangu wale nini?”

“Watakula samaki, ukiwaacha wakue.”

Watu walicheka. Waliocheka wengine wamo humu, wamevaa nguo nyeusi. Ndani ya miaka miwili kila nyumba ilikuwa na juya la chandarua.

Marehemu aliugua kifua tangu Juni. Siku ya mwisho alimwita mdogo wake, akamwomba hori lifungwe mwaka mmoja tu. Baba mdogo alijibu, “Nimesikia, kaka.” Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 11 Oktoba 1991.

Jana baba mdogo alileta kikapu cha kitoweo cha msiba: vifaranga, hakuna anayezidi kidole. Niliwapasua kama Baba alivyonifunza. Matumbo yalikuwa matupu. Mama amesema hawapikwi. Leo mtakula maharage.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na ndugu mmoja mwenye majuya matatu.

Apumzike kwa amani. Na hori nalo lipumzishwe, baba mdogo. Ulisema umesikia.