Tulivyoishiwa Watoto wa Kucheza

Kijiwe cha Drumkeevan ni benchi moja refu la mbao mbele ya duka langu, kati ya geti la kanisa na pampu ya dizeli. Jumapili watu wakitoka misa ya asubuhi hupitia hapo kwanza, wengine hawaendi kokote mpaka chakula cha mchana. Mimi ndiye nawatengenezea kahawa, basi wananiita Kahawa, ingawa padri alinibatiza Ultan. Wenye benchi lao ni watatu. Malachy Tiernan tunamwita Askofu, maana akiongea lazima kidole kiwe juu. Amekuwa mwenyekiti wa klabu yetu ya mpira wa Kigaeli, ule unaochezwa kwa mguu na kwa mkono, tangu nywele zake zikiwa nyekundu. Festus Conry ni Posta, alisambaza barua parokia nzima hadi akastaafu, na nyumba yoyote ukiitaja atakwambia nani analala chumba kipi. Wa tatu ni Dympna Geraghty, Filimbi, mwamuzi mstaafu, mwanamke wa maneno machache ambaye nusu ya wanaume wa hapa amewahi kuwatoa nje ya uwanja. Jumapili hiyo hakuna aliyefika na utani.

Jana yake watoto wetu wa chini ya miaka kumi na tatu walikwenda kucheza Ballyferrin, parokia ya jirani, mahasimu wetu tangu enzi za mababu. Timu inataka watu kumi na watano. Sisi tulipeleka tisa. Kocha wao akatuazima wanne ili angalau mechi ichezeke, na hata hivyo tulifungwa mpaka mwamuzi akapuliza kabla ya wakati, kwa huruma. Golikipa wetu, binti wa mwalimu Hanley, alimaliza mechi huku analia na kudaka kwa pamoja. Sasa kamati ya klabu ilikuwa ikutane katikati ya wiki kuamua jambo moja: watoto wa Drumkeevan waunganishwe na wa Ballyferrin, wavae jezi nyingine, waitwe jina lingine. Huku kwetu kaunti ya Roscommon parokia ndiyo timu. Mtu hahami klabu kama anavyohama kinyozi. Kwa hiyo walipokaa pale na vikombe vyao, ilikuwa kama wamekaa kwenye matanga.

Posta alianza yeye. Alisema kosa si la mtu, ni hesabu tu. Akataja nyumba moja moja kuanzia darajani hadi makaburini: kwa akina Beirne taa zinawaka lakini ni wazee wawili na mbwa, kwa akina Mulvey vijana wote wako Perth wanajenga nyumba za Waaustralia, mtoto wa Cafferkey alitaka kujenga kwenye shamba la baba yake, halmashauri ikamkatalia kibali, akahamia mjini na watoto wake wote.

— Huwezi kuchezesha nyumba tupu, alisema Posta. Hata ungemleta kocha kutoka mbinguni.

Askofu hakukubali. Watoto tisa wale, alisema, kama wangekuwa tisa wa zamani wangeshinda. Watoto wa siku hizi hawajui mguu wa kushoto ni wa nini. Wanarushiana mpira kwa mkono pembeni, pembeni, nyuma, halafu pembeni tena, kwa sababu kocha ameona hivyo kwenye kompyuta. Yeye alifundishwa kupiga mpira juu ukatoweka, na aliyekuwa chini yake alipaswa kuruka na kuuchuma kama tufaha.

— Tangu tuache kukamua kwa mkono, alisema, watoto hawana viganja. Angalia vizuri. Mpira unawateleza.

— Na tangu tuache kukata mboji ya kuwashia moto kwenye kinamasi, Posta akaongezea, hawana mgongo.

Askofu akakubali kwa kichwa. Nilidhani wataishia hapo, ila kidole kilikuwa bado juu. Akaonyesha upande wa uwanja, nyuma ya kanisa, ambako kampuni moja imepanda misonobari mlima mzima.

— Ule msitu, alisema. Ule ndio umetumaliza. Zamani upepo ulikuwa unakuja moja kwa moja kutoka bahari ya magharibi, ukipiga mpira polepole unakurudia usoni. Mtoto alikuwa anajifunza nguvu. Sasa uwanja umetulia kama chumba cha wagonjwa. Utajifunza nini mahali pasipo na upepo?

Siku nyingine ningecheka. Lakini alikuwa analisema kwa uchungu wa kweli, na macho yake hayakutoka kwenye ile miti. Posta aliutazama msitu, akasema huenda ikawa kweli, maana hata nguo siku hizi zinachelewa kukauka.

Filimbi alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Alipozungumza hakugeuka.

— Eunan Tansey yuko wapi siku hizi?

Sote tulijua Eunan alipo. Nyumba yake ni ya tatu kutoka dukani kwangu, lori lake la maziwa lilikuwa limeegeshwa pale pale tunaliona. Lakini jina lake halikuwa limetajwa kwenye benchi lile kwa miaka, na nadhani Filimbi alilijua hilo kuliko sisi.

Eunan ndiye aliyekuwa anafundisha watoto wa Drumkeevan. Akitoka kukusanya maziwa mashambani anakuja uwanjani na mabuti ya kazi, jua au mvua. Sheria yake ilikuwa moja: mtoto akija mazoezini, mechi anacheza. Mnene anacheza, mwoga anacheza, asiyejua kulia na kushoto anacheza. Wazazi walilalamika kidogo, ila watoto walijaa, mpaka wengine walikuwa wanaletwa kwa trekta. Kisha mwaka mmoja tukafika fainali ya chini ya miaka kumi na mbili. Kipindi cha pili tulikuwa tunaongoza, na Eunan akamtoa Ruairí, mjukuu wa Askofu, mtoto aliyekuwa na kipaji kupita wote, akamwingiza kijana wa akina Lavin aliyekuwa anasikia kwa sikio moja tu. Mpira ulimponyoka yule mtoto, Ballyferrin wakafunga, tukakosa kombe kwa pointi moja.

Kilichofuata kilitokea pale kwenye maegesho ya magari, wazazi wamejaa, watoto bado wana jezi. Askofu alisimama uso kwa uso na Eunan akamwambia amegawa kombe la parokia kama peremende, na kwamba kama anataka kulea wagonjwa aende akafanye kazi hospitali. Kijana wa Lavin alikuwa kando ya gari la mama yake. Kwa sikio lile moja alisikia. Wako watu waliopiga makofi. Eunan hakubishana. Alikusanya mipira, akaifunga kwenye mfuko wake, akauweka bandani, akampa Filimbi ufunguo, na hakukanyaga tena uwanja ule.

— Aliondoka mwenyewe, alisema Askofu. Mimi sikumfukuza.

— Hukumfukuza, Filimbi akakubali. Ulileta wengine. Wakawa wanachagua wanaojua tu. Mtoto wa Lavin akaacha wiki ileile. Wakaacha na binamu zake. Wakaacha na majirani waliokuwa wanapanda nao gari moja. Mimi nilikuwa napuliza mechi zile, nilikuwa nawaona wanavyopungua.

— Yule mtoto alidondosha mpira mara mbili, Dympna.

— Alikuwa na miaka kumi na moja, Malachy.

Kwenye benchi lile hatuitani kwa majina tuliyobatizwa. Posta alianza kuangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa na birika mkononi, nikabaki nimelishika.

Filimbi akamuuliza Ruairí anacheza wapi sasa. Aliuliza taratibu, bila kumkomoa, na alijua jibu kama tulivyolijua wote. Ruairí alicheza mwaka mmoja zaidi, akasema hakuna raha, rafiki zake hawapo, akatundika viatu. Siku hizi yuko chumbani kwake na mlango umefungwa, na babu yake akipita kumsalimia hujibiwa kupitia mlangoni. Kidole cha Askofu kikapanda kidogo, kikashuka.

Ndipo yule mama alipofika. Anaitwa Jucélia, ametoka Brazili, anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama kilicho kwenye barabara ya mjini, na alikuwa amehamia nyumba ya zamani ya mwalimu mkuu wiki chache tu nyuma. Alikuja kununua mkate. Watoto wake wawili, msichana na mvulana, walikuwa wamempita mbele wakasimama kwenye uzio wa kanisa wanatazama nguzo za magoli yetu, zile ndefu zinazopanda juu kupita mwamba wa goli. Alitusalimu wote, akamwamkia Askofu kwa heshima kwa sababu ya mvi zake, akauliza:

— Samahani wazee wangu. Mazoezi ya watoto hapa ni siku gani?

Hapakuwa na siku. Tangu kiangazi kianze watoto walikuwa wanakutana tu siku ya mechi, anayepatikana ndiye anayekwenda. Nikamtazama Posta, mjuzi wa kila kitu. Posta akamtazama Filimbi. Filimbi akamtazama Askofu, na hakumsaidia. Mama wa watu alidhani Kiingereza chake hakikueleweka, akarudia swali polepole, akaigiza kwa mguu kama anapiga mpira.

— Jumatano, alisema Askofu. Jumatano jioni, mama. Wote wawili waje.

— Hawajui mchezo wenu.

— Waje tu.

Akashukuru, akachukua mkate wake, akaondoka na wanawe. Filimbi alisubiri mpaka wamepita kona.

— Nani atawafundisha?

Askofu aliweka kikombe kwenye benchi, akajiinua kwa shida kwa sababu ya nyonga yake, akaanza kutembea kuelekea kwenye lile lori la maziwa. Tulimwona amesimama nje ya geti muda mrefu. Tulimwona Eunan anatoka, na hakulifungua geti. Waliyosemezana nilikuja kuyasikia kwa Askofu mwenyewe, siku nyingine tukiwa wawili dukani, na hakujipamba.

Alimwambia Eunan kwamba hakuja kumwomba arudi, amekuja kumwambia alikosea.

— Mimi ulinikosea kidogo, akasema Eunan. Yule mtoto ndiye uliyemwambia ni mgonjwa, mbele ya wenzake. Kwake umeshakwenda?

Askofu alikuwa hajakwenda. Alikwenda mchana uleule. Kijana wa Lavin sasa ni mrefu, anajifunza ufundi umeme, na alimfungulia mlango Askofu akiwa na soksi miguuni. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba kilichomuuma si yale maneno. Alichokumbuka yeye ni kwamba hakuna mtu mzima hata mmoja pale aliyesema hapana. Akamkaribisha chai. Askofu aliniambia ile chai ilikuwa ngumu kumeza, lakini aliinywa yote.

Jumatano walikuja watoto saba. Watoto wa Jucélia, binti wa mwalimu Hanley, na wengine walioburutwa na Posta, ambaye alipita nyumba kwa nyumba kama zamani za barua. Filimbi alisimamia. Askofu alitaka kuwaonyesha namna ya kuokota mpira kwa ncha ya kiatu, nyonga ikakataa, akaishia kuelekeza kwa mdomo akiwa ameegemea nguzo. Eunan hakuja. Alhamisi kamati ikakutana, na kwa kura nyingi ikaamua watoto wetu wacheze pamoja na Ballyferrin. Askofu aliinua mkono kukubali. Nilimwona amefumba macho alipoinua.

Kwa hiyo jina la Drumkeevan halimo tena kwenye ratiba ya watoto, na sijui kama litarudi nikiwa hai. Lakini mazoezi ya Jumatano hayakufa, maana timu mpya ilihitaji uwanja na wetu ulikuwa tupu. Watoto wa parokia mbili wakaanza kuja, wakasimama makundi mawili wakitazamana kama ng'ombe wa mashamba tofauti.

Jioni moja mwishoni mwa Agosti, mvua nyembamba inanyesha, Eunan Tansey aliingia kupitia geti la nyuma na mabuti yake ya kazi. Askofu alikuwa amesimama kwenye mstari. Eunan alimpita, akamwinamishia kichwa tu, kama unavyomsalimu mtu barabarani. Filimbi akarudi nyuma hatua kadhaa kumwachia nafasi. Watoto walimtazama huyu mtu ambaye hawakuwahi kumwona uwanjani, na yeye akawatazama. Kisha akachuchumaa kwenye majani yaliyolowa ili awe urefu wao, akamgeukia msichana wa Jucélia aliyekuwa karibu naye.

— Unaitwa nani?

— Taís.

— Na huyu pembeni yako?

Taís akamtazama mtoto wa Ballyferrin. Akatikisa kichwa, hajui.

— Muulize, alisema Eunan. Tuna muda.