Mkwaruzo wa Mama Usipulize

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kazini, sogeza redio karibu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyesafisha kamera za watu nyumbani kwake kwa karibu miaka kumi. Alifariki Alhamisi iliyopita, saa tisa mchana, kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mtaani walimwita Mama Usipulize.

Alikuwa akisafisha sensa. Siku ya kwanza alipomweleza jirani yake hivyo, jirani aliduwaa. "Sensa? Si walishatuhesabu?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwonyesha: ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, kuna kidude bapa kinachopokea mwanga. Hiyo ndiyo sensa. Vumbi likitua hapo, kila picha inatoka na madoa.

Kazi hiyo aliifanyia chumbani. Kwanza alipiga deki. Alifunga madirisha, akazima feni, akafunga nywele kwa kitambaa, akangoja nusu saa vumbi litulie. Betri ilikuwa lazima ijae, maana kamera ikizimika katikati, pazia la ndani linalofunika sensa linaweza kujifunga juu ya kijiti cha kusafishia. Aliinamisha kamera mdomo chini, akaminya kipira cha kupulizia hewa mara tatu, nne. Doa likigoma kutoka, alichukua kijiti chenye kitambaa laini na matone mawili ya dawa yake. Alipitisha mara moja kwenda, mara moja kurudi kwa upande wa pili. Kisha kijiti kikatupwa, hata kama kilionekana kisafi. "Huyu anasafisha kamera au anapasua mtu?" majirani walitania.

Na mteja yeyote aliyesogeza uso karibu alipigiwa kelele: "Usipulize!" Ndipo jina likamganda.

Lakini wasikilizaji wapendwa, kelele ile ilikuwa na chanzo chake, na chanzo chenyewe kilimkosesha usingizi.

Mama huyu alikuwa na mdogo wake wa kiume. Tumbo moja, wawili tu. Dada mtu alikuwa mfanyakazi wa studio, akichapa picha za wateja. Mdogo wake alikuwa mpigapicha wa gazeti. Siku moja mdogo mtu alisafiri, akaacha kamera ya ofisi kwa dada yake. Dada alikuwa ameona madoa kwenye picha za mdogo wake. Akataka kumfurahisha. Akafungua lenzi, akapuliza kwa mdomo. Tone la mate likatua ndani. Akachukua pamba na spiriti, akasugua. Doa halikutoka. Akasugua kwa nguvu.

Aliporudisha lenzi, akapiga picha ya ukuta mweupe. Kulikuwa na mstari, kutoka pembe hadi pembe.

Akairudisha kamera kwenye begi. Akanyamaza.

Wiki iliyofuata, picha zote za mdogo wake zilikuwa na ule mstari. Ofisini wakamwuliza nani alifungua kamera. Akala yamini kwamba hakuigusa ndani. Wakamwita mwongo. Akafukuzwa kazi. Mpigapicha yule akaishia kulinda geti la ghala.

Dada yake alijua. Alinyamaza miaka sita. Miaka sita, wasikilizaji. Alimpelekea chakula pale getini, akamsikiliza akiwalaani watu wa ofisini, na mdomo ukawa mzito. Nyumbani alinunua kamera mbovu, akajifunza kusafisha kwa usahihi, moja baada ya nyingine. Watu walisifu bidii yake. Wangejua!

Binti yake anasimulia: "Nilimwuliza mama, kwa nini unawakaripia watu kiasi hicho kwa kupuliza tu? Akalia. Akanieleza yote. Kesho yake akaenda getini."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Malori yalikuwa yakiingia. Alimwambia mdogo wake akiwa amesimama, begi mkononi.

"Mdogo wangu, ile kamera niliiharibu mimi."

"Kamera gani, dada?"

"Ile ya ofisi. Nilipuliza, kisha nikasugua."

Mdogo wake alilishika geti. "Nimewalaani watu miaka sita," alisema. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako." Akafunga geti. Dada akabaki nje na chakula chake.

Miaka minne ikapita. Hawakusemeshana. Salamu zilipitia kwa binti, nazo zilikuwa za upande mmoja.

Miezi miwili iliyopita, mjomba mtu alimwita binti huyo. Alikuwa amenunua kamera, imetumika, lakini nzima. Akampa. "Mpelekee mama yako aisafishe."

"Mama aliipokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga," anasema binti. "Akaniuliza, mjomba wako amesema nini? Nikamjibu, amesema isafishwe. Akauliza, basi? Nikasema, basi. Akageuka ukutani."

Siku hiyo alijaza betri tu, akaahirisha. Siku ya pili akaahirisha tena. Siku ya tatu alipiga deki chumba mara mbili. Akasafisha. Akapiga picha ya ukuta. Ulitoka mweupe, hakuna hata kidoa. Bado akapiga picha nyingine kumi na nne, akizikagua moja moja.

Kamera ikarudi kwa mwenyewe. Mdogo mtu hakutuma neno. Alikuwa amepanga kwenda kwa dada yake Jumapili. Dada akafariki Alhamisi.

Tulimkuta msibani, amekaa peke yake karibu na mlango. Alikubali kusema nasi kidogo.

"Nilishamsamehe zamani," alisema. "Siku niliyompa kamera nilidhani ameelewa. Humpi kamera yako mtu usiyemwamini, au siyo? Nikaona inatosha. Haikutosha. Alimwuliza mtoto, basi? Hilo neno nimelisikia baada ya kumzika."



Kwa binti, kwa mdogo wa marehemu, na kwa wote waliompelekea kamera zao: poleni sana. Mungu awape subira, na amlaze mahali pema.

Nawe unayetusikiliza, huenda umemsamehe mtu moyoni, naye hajui. Huenda umemkosea mtu, naye anamlaani mwingine. Sasa tutapiga muziki usio na maneno, wa dakika tano. Punguza sauti ya redio, umpigie simu.