Kidole Kilichopinda: Maisha ya Gebhard Achterkamp, 1938–2019

Ndugu waombolezaji, mimi ni Irmtraud, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi hii kwa sababu mjane amesema sauti yake haitafika mwisho.

Kaka yetu Gebhard alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Barmen, mtoto wa kwanza wa Mzee Heinrich, fundi wa mitambo ya kufuma utepe, na Mama Hedwig. Alianza shule mwaka 1944, vita vikamkatiza, akaendelea vilipokwisha. Walimu walilalamika jambo moja tu: maswali yake yalizidi majibu yao.

Mwaka 1958 aliajiriwa hospitalini kupiga picha za eksirei, akadumu hadi kustaafu mwaka 2001. Tarehe 10 Septemba 1966 alifunga ndoa na Roswitha, mjini Schwelm. Picha za harusi zilipoletwa, bwana harusi aliigeuza ya kwanza akatazama mgongo kabla ya uso. Wifi yangu akamwambia, "Mimi niko upande wa pili, bwana."

Ndiyo tabia ya wakusanyaji. Gebhard alikusanya picha za wapigapicha wetu wa kabla ya vita, wale wa majaribio, ambao wengine waliacha kamera kabisa, wakaweka vitu juu ya karatasi ya picha na kuimulika. Alitaka nakala walizochapa wenyewe enzi hizo, na mhuri au sahihi ya penseli ya mpigapicha huwa mgongoni. Alikuwa hata na taa ya zambarau ya kupimia, maana karatasi za zamani haziwaki chini yake kama za siku hizi.

Mei 1973, kwenye gulio la vitu vikuukuu, alipata picha ya namna hiyo isiyo ya kamera, ya mkono wa mwanamke ulioshika utepe, kidole cha mwisho kimepinda. Taa ilisema ni ya zamani. Mgongoni palikuwa na herufi moja tu, M. Tangu siku hiyo hakutulia. Aliandika barua Köln, Berlin na Munich, na maprofesa wakamjibu kwa heshima kwamba hawajui. "Mtu afanye kazi nzuri hivi, halafu asiwe na jina?" aliniambia, macho yamemlowa. Picha yenyewe aliifungia sandukuni, kwani mwanga hula picha. Nikamtania, "Umeoa mke wa pili, tena umemtawisha." Akacheka. "Huyu akiona jua tu, basi."

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2017. Wodini aliomba kitu kimoja, kwamba picha ile ichapwe nyuma ya ratiba ya mazishi yake. "Wataalamu wameshindwa," alisema. "Waulizeni waombolezaji." Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Februari 2019, akiwa na miaka themanini, bila kulijua jina.

Ameacha mjane, watoto wawili, Ansgar na Mechthild, wajukuu watatu, mimi, na masanduku kumi na moja ya picha.

Haya yanayofuata hayamo kwenye karatasi mliyoshika. Leo asubuhi Bi Annegret, mwoka mikate wa mtaa wetu, alituletea keki za kahawa ya msiba. Akaiona ratiba mezani, akaigeuza, akavuta kiti akakaa.

"Hiki kidole ni cha mama," alisema. "Kilivunjwa na mtambo wa utepe akiwa msichana. Baadaye alisomea sanaa ya picha, akaacha alipoolewa."

Alikwenda kwake akarudi na picha ya mama yake. Kidole ni kilekile. Nikamuuliza kama Gebhard hakuwahi kumwonyesha.

"Kanunua mkate kwangu kila siku miaka thelathini," alisema. "Tuliongea habari za mvua."

Niliumia, siwafichi. Wifi yangu alifungua sanduku, akaigeuza ile picha, akaandika kwa penseli pembeni ya ile M. Kisha akanituma nikusomee.

Kaka, anaitwa Magdalena Lohmar. Sasa lala.