Mshono Mweupe Bawani

Ndugu, jamaa na majirani, wanangu wengine wamelemewa, kwa hiyo historia ya dada yao naisoma mimi mama yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, wa kwanza kati ya watoto wanne, katika chumba ambacho mchana kilikuwa duka langu la ushonaji, akamaliza sekondari mwaka 1997 na chuo kikuu mwaka 2002, akasomea wadudu, nami nikamwuliza kama wa nyumbani hawakumtosha.

Tarehe 3 Februari 2003 aliajiriwa makumbusho, kitengo cha nondo, wale wanaofanana na vipepeo na kuzunguka taa, kazi yake ikiwa kuwatambua kwa alama za mabawa. Mwaka 2006 aliolewa na fundi wa majokofu, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 11 Agosti 2015, alipokuja kunisalimia, alikuta ukutani nondo mwenye mstari mweupe wa nukta, mfano wa mshono ulioruka mara mbili, ambao hakuwahi kuuona katika kitabu chochote, akamchoma pini, akamwacha mezani akawahi kazini, nami nikampangusa vumbi kwa kitambaa, nisijue kuwa vumbi lile ndilo mstari wenyewe. Aliporudi akasema mama, umesafisha mpaka sayansi, akacheka, lakini wataalamu aliowaeleza walimwandikia kwamba mstari huo aliuota, na kwa miaka sita wenzake kazini walimtania kwa jina la Bi Mshono.

Asubuhi ya tarehe 20 Oktoba 2021 nilimwona mwingine kwenye pazia la dukani, nikamfunika kwa glasi, nikamlinda bila kugusa cherehani, mpaka mwanangu alipofika mbio na koti lake la kazi. Mwaka uliofuata alipata wengine watano.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, akaandika maelezo ya bawa lile akiwa kitandani, na tarehe 2 Juni mwaka huu barua ikafika wodini kwamba nondo wake amekubaliwa kuwa spishi mpya, kwa jina la Kilatini lenye maana ya mshonaji, akaisoma kwa sauti mara mbili, wodi nzima ikapiga makofi, akaniambia mama, tumewaweza.

Aliaga dunia tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 45.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kutuchotea maji, na wenzake wa makumbusho, ambao jina la Bi Mshono mmeliandika wenyewe kwenye droo ya nondo huyo, safari hii bila utani.

Mwanangu, kazi umeimaliza. Nimewaagiza droo ile asiipanguse mtu, hata mimi. Pumzika kwa amani.