Historia ya Fundi Kavu, Aliyemfungia Mkewe Pampu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mafundi mliofunga karakana leo kwa ajili yake, familia inaomba mtupe masikio yenu kidogo, tumsindikize mzee wetu kwa kueleza alikotoka, alichokifanya, na jinsi alivyotuaga.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha kamba, akiwa mtoto wa pili wa msokota kamba na mfua nguo. Kwa kuwa alizaliwa mdogo kama ngumi, mama yake alimfunga kifuani mpaka alipopata uzito, na jirani mmoja aliyekuwa akinyonyesha wakati huo alikuja kila siku kumwongezea maziwa bila kuombwa. Jirani huyo alimwita mwanangu hadi uzee wake, na marehemu naye hakuwahi kupita mlangoni pake bila kuingia kumjulia hali.

Alianza masomo ya msingi mwaka 1961 katika shule iliyokuwa kando ya reli, akamaliza mwaka 1967, akiwa anazipenda sana hesabu, ila kuimba kulimshinda kabisa, hata mwalimu wake wa nyimbo akamwomba kwa upole kwamba siku ya wageni awe anafungua mdomo tu.

Mwaka 1968 alipokewa katika karakana ya boti iliyo mwisho wa barabara ya maghala, na fundi mkuu wa wakati ule, alipomwona amekuja pekupeku kwenye sakafu yenye misumari, alivua viatu vyake mwenyewe akampa, akisingizia kwamba vinambana. Hapo alifundishwa kazi ambayo wengine waliikimbia, ya kuingia tumboni mwa mashua kuukuu na kushughulikia ngama, yaani pale chini kabisa ambapo maji yanayopenya mbaoni hutuama pamoja na mafuta na uchafu. Alizibua matundu yaliyo kwenye mbavu za mashua, ili maji yote yateremke mahali pamoja, kisha akafunga pampu ya mkono ya kuyatoa nje, wala hakukabidhi mashua ya mtu kabla ya kupitisha kiganja chini na kukitoa kikavu. Ndiyo maana wengi wenu mlimwita Kavu, na fundi rangi, mtani wake wa miaka yote, hakuchoka kumwambia, "Kavu, ukizaliwa mara ya pili omba uzaliwe sifongo."

Alikuwa na desturi yake katika kazi. Kabla ya kutoboa tundu lolote, alimwomba mwenye mashua amlete yule mwenye nguvu kidogo kuliko wote watakaopanda, akamkalisha, akampima mkono, ndipo akaamua pampu ikae wapi na mpini wake uwe mrefu kiasi gani. Watu walileta bibi zao na watoto wao, na bwana mmoja alimleta mama mkwe bila kumweleza sababu, mama alipoijua wakanuniana msimu mzima.

Tarehe 9 Agosti 1980 marehemu alifunga ndoa na mshona matanga wa chumba cha juu ya karakana, mwanamke wa umbo dogo na maneno machache, wakajaliwa watoto watatu, binti muuguzi mwaka 1982, mvulana ambaye sasa ni seremala mwaka 1985, na kitinda mimba wao wa kike mwaka 1991. Wakwe walimwachia binti yao mashua ya tanga, kuukuu kuliko maharusi wote wawili, iitwayo Shangazi, na kwa mashua hiyo Mama amekuwa akivusha abiria na mizigo hadi ng'ambo ya ghuba, yeye akishika usukani, mumewe akiwa mtu wake wa kamba na wa pampu kila alipopata nafasi, na baada ya kustaafu mwaka 2015, kila siku.

Hapa familia inasema jambo ambalo marehemu mwenyewe alituagiza tulisome. Pampu ya Shangazi aliifunga mwaka 1981, akaiweka ndani, chini ya sitaha, ikiwa na mpini mfupi na mgumu, wa kusukumwa na mtu aliyeinama na kuulalia kwa kifua. Yeye aliyepima mikono ya bibi za watu hakuupima mkono wa mkewe, kwa sababu haikumjia akilini kwamba iko siku mkewe angekuwa majini bila yeye.

Mwezi Mei 2023 alianza kusikia maumivu, akapelekwa hospitali ya rufaa, madaktari wakaona saratani ya tumbo, akaanza matibabu ya kulazwa na kuruhusiwa. Mama aliendelea na safari, maana hiyo ndiyo kazi iliyolisha nyumba, na mwezi Juni 2024, akiwa na abiria mmoja tu, upepo ukageuka na Shangazi akaanza kunywa maji. Akiachia usukani mashua inageukia ubavu, akiung'ang'ania maji yanapanda, na pampu iko kule ndani isikofikika. Abiria yule, mwalimu ambaye hakuwahi kushika kamba maishani, alikumba maji kwa ndoo mpaka vidole vikachubuka, na walipofika gatini mbao za sakafu zilikuwa zinaelea.

Mama alikwenda wodini moja kwa moja, akaketi kama hakuna kilichotokea, lakini marehemu aliona viatu vyake vimelowa.

"Maji yalifika wapi?"

"Magotini."

"Na pampu?"

"Baba watoto, ulifunga pampu ya mume wangu," Mama akamjibu. "Sasa nifungie ya kwangu."

Tangu siku hiyo, marehemu alipokutana na daktari hakuuliza ataishi mpaka lini, aliuliza kama mikono yake itamaliza kazi. Ilipobainika kwamba haitaweza, alimwita mwanawe seremala awe mikono yake, na majirani wanne wakawa wanambeba na kiti chake mpaka kwenye mteremko alipopandishwa Shangazi, wakimfunika mabega bila yeye kusema anasikia baridi. Akiwa kwenye kiti aliwaelekeza kukwangua lami na rangi kuukuu iliyoziba matundu ya mbavu, akawaagiza wapitishe mnyororo mwembamba kwenye matundu yote kutoka mbele hadi nyuma, ili mtu akiuvuta huku na huku taka zitoke, kisha wakaweka chujio mahali ambapo mkono unafika. Pampu waliifunga kando ya usukani.

Seremala, kwa kutaka kuokoa mpira wa kutolea maji ya pampu, aliutokeza nje kupitia tundu la chini mno ubavuni, na Shangazi aliposhushwa majini na vijana wakasimama upande mmoja ili ainame, maji yakarudi ndani kwa njia ile ile.

"Kavu," fundi rangi akasema, "mwanao amekuchimbia kisima."

Seremala aliweka spana chini, machozi yamemjaa machoni, na baba yake akamwambia, "Mimi nilikosea miaka arobaini na mitatu, wewe umekosea asubuhi moja. Fungua tuanze tena."

Wakaupandisha mpira juu, karibu na sitaha, wakaukunja, wakautoa nje juu kabisa ya maji, na fundi rangi, ambaye ulimi wake mnaujua, alikaa pembeni akauzungushia mpini kitambaa laini ili usimchubue Mama. Majirani walimimina ndoo za maji ngamani, Mama akaketi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mpini, akavuta bila kuinuka mpaka pampu ikaanza kukoroma kwa kunyonya hewa. Marehemu hakuweza tena kuinama, basi Mama alipitisha kiganja chini kwa niaba yake, akakiweka shavuni pa mumewe, naye akafumba macho, akaomba arudishwe nyumbani akalale.

Hali yake ilibadilika mwezi Januari, na siku ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, asubuhi, marehemu alifariki dunia nyumbani kwake, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe. Ameacha mke, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, hasa yule muuguzi aliyekuwa akipasha moto mikono yake kabla ya kumgusa, majirani waliobeba kiti, mwalimu wa ile ndoo, na mafundi wote wa karakana. Tunawashukuru pia wageni wetu kumi na mmoja waliotoka ng'ambo. Wengi mmewauliza wamefikaje, ilhali upepo wa leo umewazuia wenye mashua wengi. Mama aliwafuata mwenyewe alfajiri, akiwa peke yake kwenye Shangazi, maji yakaingia, akayatoa, na usukani hakuuachia.

Pumzika, Baba. Mama amefika salama.